Miaka Mia ya Kubishania Sauti Isiyosikika

Wimbo ukiletwa studio kwenye flashi, sianzi kwa kuusikiliza. Naufungua kwanza kwenye programu inayochora masafa ya sauti, kisha natazama sehemu ya juu ya mchoro. Rangi zikikatika ghafla karibu na kilohezi 16, mstari ukanyooka kama uliopigwa rula, najua huo wimbo uliwahi kuwa MP3 ya kilobiti 128 na kuna mtu ameugeuza uitwe WAV ili upite mlangoni kwangu. Mtangazaji aliyeuleta huniuliza, "Sasa mzee wangu, mbona unasikika vizuri tu?" Na mara nyingi kweli unasikika vizuri. Ugomvi wetu unaanzia hapo, nao ni mkongwe kuliko kompyuta.

Mwaka 1915 kampuni ya Thomas Edison ilianza kuzunguka miji ya Marekani na maonyesho ya kuuza gramafoni iliyoitwa Diamond Disc. Mwimbaji alisimama jukwaani kando ya mashine. Aliimba ubeti, akafumba mdomo, santuri ikaendelea pale alipoachia, kisha akaipokea tena. Baadaye taa zilizimwa, na zilipowashwa mwimbaji alikuwa ameshaondoka, gramafoni inaimba peke yake. Watu walitoka ukumbini wakiapa kwamba hawakujua ni wakati gani walikuwa wakimsikiliza binadamu na wakati gani chuma.

Santuri zile zilirekodiwa kwa pembe, bila maikrofoni wala umeme. Besi karibu hakuna, sauti za juu zimepotea, sindano inakwaruza mwanzo hadi mwisho. Mtoto wa leo angeitambua mashine akiwa bado nje ya ukumbi. Miaka mingi baadaye mmoja wa waimbaji wale, Anna Case, alieleza kwamba alikuwa akiirekebisha sauti yake ifanane na ya mashine. Ujanja huo ni nusu tu ya maelezo. Nusu nyingine ni kwamba wasikilizaji hawakuwa wamefundishwa na mtu yeyote kasoro ya gramafoni inafananaje, na kasoro usiyoijua sura yake unaweza kukaa nayo chumba kimoja usiione.

Mwimbaji Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV, maikrofoni ya umeme ilikuwa imeshaingia kazini na pembe imestaafu. Wazee wa utotoni kwangu waliozikumbuka santuri hizo walisimulia maneno ya nyimbo, mafumbo yake, na nani alikuwa anasemwa. Hakuna aliyetaja mkwaruzo. Mwaka huohuo wa 1928, huko Marekani, mhandisi wa simu aitwaye Harry Nyquist alichapisha makala kuhusu telegrafu ambayo ndani yake mlikuwa na mbegu ya sauti ya dijitali: kwamba wimbi linaweza kuchukuliwa vipande vipande, na vipande vikiwa vingi vya kutosha, hakuna kinachopotea. Miaka kumi baadaye Alec Reeves, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Paris, akasajili hataza ya kuigeuza sauti kuwa namba. Vifaa vya kuitumia kwa bei ya mtu wa kawaida havikuwepo, hataza ikakaa.

Mimi niliingia kwenye kazi hii wakati wa rili. Mzee aliyenifundisha alinipa wembe, penseli ya nta na kibao cha kukatia, akanionyesha jinsi ya kuizungusha tepu kwa mkono mbele ya hedi mpaka uipate pumzi ya mwimbaji, uiwekee alama, uikate. Tepu ina dhambi zake nyingi, lakini kuna moja nitaieleza kwa sababu nitairudia. Tepu ikikaa kabatini miaka, usumaku wa tabaka moja huambukiza tabaka lililolaliana nalo. Ukija kuicheza, sekunde moja au mbili kabla wimbo haujaanza unausikia wimbo wenyewe kwa mbali, kama mtu anayekuja njiani. Dawa yake ilikuwa kuihifadhi rili mkia nje, yaani kuiacha ilipoishia bila kuirudisha mwanzo. Mwangwi bado upo, ila ule mkubwa zaidi unahamia baada ya sauti badala ya kuitangulia, na muziki unaufunika. Mafundi wa tepu walikuwa wamejua kwa vitendo kwamba sikio lina huruma kwa kinachofuata nyuma ya kishindo, na halina huruma kwa kinachokitangulia.

Dijitali iliingia kimyakimya kuliko watu wanavyodhani. Kuanzia 1972 BBC ilikuwa ikisafirisha vipindi vyake kutoka London kwenda kwenye mitambo ya FM kwa mfumo wa namba wa biti 13, sampuli 32,000 kwa sekunde. Wasikilizaji wengi, wakiwemo waliojivunia amplifaya zao za valvu, hawakujua kwamba sauti waliyoiita ya asili ilikuwa imepita kwenye tarakimu njiani.

CD ilipoingia sokoni Japani mwezi Oktoba 1982, ugomvi ukatoka hadharani. Sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16. Watu huiheshimu namba hiyo ya 44,100 wakidhani imepimwa kwenye sikio la binadamu. Sikio liliweka sharti moja tu, kwamba sampuli zizidi mara mbili ya kilohezi 20, ambazo ni kikomo cha kijana mwenye masikio mazuri. Namba kamili ilitoka kwenye mashine za video, maana rikoda za video ndizo pekee zilizoweza kumeza data nyingi kiasi hicho: mistari 245, sampuli 3 kila mstari, mara 60 kwa sekunde. Ukitumia video ya Ulaya, ni mistari 294, sampuli 3 zilezile, mara 50. Piga hesabu, zote zinatua palepale.

Lawama dhidi ya CD zilikuwa nyingi na nyingine zilikuwa porojo. Moja ilikuwa na ukweli. Biti 16 zinakupa ngazi 65,536 za ukubwa wa sauti, na wimbo ukiwa juu ngazi hizo ni tele. Lakini noti ya piano inapofifia, inashuka mpaka zinabaki ngazi mbili tatu, na wimbi lililokuwa laini linageuka kuwa miraba. Kosa hilo haliwi mvumo wa kawaida. Linaufuata muziki wenyewe, linapanda na kushuka nao, likiukwaruza. Mwaka 1984 Stanley Lipshitz na John Vanderkooy wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, waliandika makala iliyoonyesha kwa hesabu kwamba ukiongeza mvumo mdogo wa kubahatisha kabla ya kukata ngazi, ule mkwaruzo unatoweka. Kinachobaki ni mvumo laini, na ndani yake unaweza kusikia hata sauti iliyo ndogo kuliko ngazi ya mwisho. Fikiria fundi aliyekulia kwenye tepu, aliyepigana na mvumo tangu siku ya kwanza ya kazi, anaambiwa sasa auongeze kwa makusudi. Wengi walicheka. Leo kila programu ya studio ina kitufe cha kazi hiyo, na wengi wanaokibonyeza hawajui kinafanya nini.

Je, mkwaruzo ule ulisikika majumbani? Ili uusikie ilibidi ufungue sauti mpaka mwisho kwenye sekunde za mwisho za wimbo, na wimbo uliofuata ungekurusha kitini. Kwa msikilizaji wa kila siku jibu ni hapana. Kwa fundi aliyetega sikio studio usiku, ndiyo. Majibu yote mawili ni ya kweli, na sioni sababu ya moja kuliaibisha lingine.

Kilichokosekana kwa muda mrefu kilikuwa njia ya kumaliza ubishi bila kuangalia nani ana sauti kubwa mezani. Mwaka 1950 watafiti wa Bell Labs walikuwa wameshaandika kuhusu jaribio ambalo msikilizaji anapewa sauti A, sauti B, kisha X, naye aseme X ni ipi kati ya hizo mbili. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wapenzi wa sauti karibu na Detroit waliligeuza wazo hilo kuwa kisanduku chenye swichi, kiasi kwamba hata anayeendesha jaribio hajui X ni nini. Mmoja wao, David Clark, alikieleza kwenye jarida la chama cha wahandisi wa sauti mwaka 1982. Kisanduku hicho kimevunja urafiki mwingi. Mtu aliyeuza pikipiki akanunua amplifaya anaketi, anabahatisha, anapata nusu kwa nusu. Sababu ya kawaida ni moja: mashine mbili zikitofautiana kwa sehemu ya desibeli moja tu, sikio haliiiti moja kubwa na nyingine ndogo. Huiita moja safi na nyingine chafu. Sawazisha kiwango kwa mita, na usafi wote unayeyuka.

MP3 ndiyo niliyotaka kuifikia. Dieter Seitzer, profesa wa Chuo Kikuu cha Erlangen, Ujerumani, alitaka kupitisha muziki kwenye waya za simu. Mkaguzi wa hataza alikataa ombi lake, akisema jambo hilo haliwezekani. Seitzer akampa kazi hiyo mwanafunzi wake, Karlheinz Brandenburg. Msingi ulikuwa elimu ya usikivu ambayo Eberhard Zwicker na wenzake walikuwa wameijenga kwa miongo: sauti kubwa huificha sauti ndogo iliyo jirani nayo kwa masafa au kwa wakati. Simama mlangoni pa mashine ya kusaga mahindi, mwenzako akunong'oneze. Mnong'ono upo hewani na unaweza kupimwa, lakini kwako haupo. Brandenburg aliona kwamba kisichosikika hakina haja ya kuhifadhiwa. CD inakula kilobiti 1,411 kila sekunde. Yeye alitaka 128, karibu sehemu moja ya kumi na moja.

Kila hatua ilibishaniwa kwa masikio. Okestra iliyojaa ilipita bila shida, maana ndani yake kuna pa kuficha kila kosa. Kilichomtesa kilikuwa sauti ya mwanamke mmoja akiimba bila ala, Suzanne Vega kwenye "Tom's Diner". Hapakuwa na mahali pa kujificha, na sauti yake ilitoka imeharibika vibaya. Akaurudia wimbo huo mara nyingi kupita kiasi, akirekebisha, akiusikiliza upya. Mateso mengine yalikuwa kastaneti, vile vibao vya Kihispania vinavyogonganishwa mkononi. MP3 hufanya kazi kwa mafungu ya sampuli, na kosa la fungu husambaa fungu zima. Kama nusu ya kwanza ni kimya na nusu ya pili ni pigo, kosa linamwagika kwenye kimya, na unasikia vumbi la sauti sehemu ya sekunde kabla ya kishindo. Aliyewahi kuhifadhi rili mkia nje anaijua shida hiyo kwa sura, ingawa hii ni fupi zaidi. Wale wa Erlangen waliitibu kwa kubadili mafungu kuwa mafupi pale kishindo kinapokaribia.

Kwenye muziki wetu, ukitaka kuisumbua MP3 iliyobanwa sana, usiipelekee magitaa ya dansi. Ipelekee kanuni ya taarab, ala ambayo kila uzi wake ni pigo dogo linalofuatwa na mlio mrefu, au kayamba peke yake. Kayamba kwenye kilobiti 64 halisemi tena "cha-cha-cha". Linasema kitu chenye majimaji.

Mwaka 1990 na 1991 redio ya taifa ya Sweden iliendesha majaribio ya kusikiliza mjini Stockholm ili kuchagua mifumo ya kubana sauti. Kuna kisa cha wakati huo ambacho huwa nawasimulia vijana wa studio. Wasikilizaji wapatao 60, wataalamu, walifanya majaribio zaidi ya 20,000, na mfumo mmoja ukaonekana unafaa kwa utangazaji. Kanda ya sauti zilizopita kwenye mfumo huo ikapelekwa kwa Bart Locanthi, mhandisi mkongwe wa Marekani. Akasikiliza, na mara moja akasema kuna mlio wa takriban kilohezi 1.5 ambao haupaswi kuwepo. Alipowaonyesha, wote wakausikia.

Kwangu mimi hapo ndipo moyo wa suala zima ulipo. Majaribio 20,000 hayakudanganya, walioulizwa hawakusikia. Lakini hawakuwa wakiutafuta mlio, walikuwa wakilinganisha wimbo na wimbo. Akaja mtu mmoja aliyezoea kusikiliza mashine badala ya wimbo. Kwa hiyo mtu akiniambia leo kwamba kasoro za dijitali hazisikiki, nakubaliana naye, ila namkumbusha kwamba hazisikiki kwa sababu kuna watu wachache waliozisikia, wakawasumbua wenzao, na zikaondolewa kabla bidhaa haijamfikia. Waliopuuzwa kama wagomvi ndio waliotupatia raha ya kutosikia.

Kiwango cha MP3 kikachapishwa mwaka 1993, na jina la faili lenye mkia wa .mp3 likachaguliwa Julai 1995. Yaliyofuata Dar es Salaam hayakuwa na uhusiano na uangalifu wa Erlangen. Simu zenye memori kadi zilipoenea, vibanda vilivyokuwa vikirudufu kanda viliingiza kompyuta, na mteja akasema, "Nijazie." Wimbo wa dakika nne kutoka kwenye CD unakula megabaiti 42 hivi, kwa kilobiti 128 unakula chini ya 4. Mwenye kibanda alitaka kutoa nyimbo nyingi kwenye kadi ndogo, hivyo akabana tena, kilobiti 64. Didjei akauchukua huo akaufanyia miksi, akaibana miksi. Mtu akairusha kwa bluutuuthi, mwingine akaipandisha kwenye tovuti ya video, wa tatu akaishusha na kuigeuza MP3 upya. Kila mbano unadhani umepewa wimbo mzima na kwamba bado kuna vilivyofichika vya kutupa. Baada ya mara tano, sauti za "s" zinachuruzika, matoazi yanalia kama karatasi, na hapo abiria wa kiti cha nyuma cha daladala anakunja uso bila kujua kwa nini.

Hizo si kasoro ndogo, wala hazihitaji kisanduku cha Detroit. Ninachokataa ni kuzichanganya na zile ndogo zinazowapotezea watu pesa. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanyika na wanachama wa klabu ya sauti ya Boston: walichukua diski za kiwango cha juu kuliko CD, wakaingiza katikati mtambo unaoishusha sauti mpaka kiwango cha CD, wakawauliza watu watambue. Majibu 554, sahihi 276. Ni kubahatisha kutupu. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa London alijumlisha tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,000, akapata asilimia 52.3, na waliofundishwa kwanza walifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo kitu kipo, kidogo, kwa wanaojua pa kutazamia. Ama kuyumba kwa saa ya ndani ya kifaa, ambako waya wa bei mbaya huuzwa kwa jina lake, watafiti wa Japani mwaka 2005 walikuta wasikilizaji waliobobea hawakutambui kwenye muziki mpaka kufike mamia ya nanosekunde. Kifaa cha kawaida cha kucheza CD hakikaribii huko.

Kasoro nyingine ya dijitali iliyosikika na kila mtu ilitoka kwa binadamu wenye haraka. Tepu ukiijaza kupita kiasi inalegea taratibu, na wengine huupenda ulegevu huo. Namba zikifika juu zinagonga dari na wimbi linakatwa kichwa, sauti inapasuka. Kwa kuwa wimbo wenye sauti kubwa huonekana mzuri zaidi (tazama tena ile sehemu ya desibeli), kampuni za muziki zilishindana kusukuma kila kitu darini. Albamu ya Metallica "Death Magnetic" ilipotoka mwaka 2008, mashabiki waligundua kwamba nyimbo zilezile kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero hazikupasuka kama za CD, wakaandika malalamiko kwa maelfu. Hakuna aliyewafundisha kusikiliza. Walikuwa na A na B mkononi, basi.

Mwaka 2010 umoja wa watangazaji wa Ulaya ulitoa kiwango cha R128, kinachopima ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia badala ya kilele cha namba. Majukwaa ya kusikilizia muziki mtandaoni nayo hushusha wimbo uliosukumwa sana, kwa hiyo anayepasua sauti leo haambulii ukubwa, anabaki na mpasuko peke yake. Bado naletewa nyimbo za namna hiyo kila wiki. Prodyuza anasema msanii ametaka iwe nzito.

Sasa kuna swali ambalo vijana wanaohamisha tepu za zamani huniuliza, nalo ni la haki. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, kinataka rili za zamani zihamishwe kwa biti 24, sampuli zisizopungua 48,000 na ikiwezekana 96,000. Rili zenyewe zina muziki uliorekodiwa kwa maikrofoni chache, ukicheza juu ya mvumo mkubwa kuliko kosa lolote la biti 16. Nimesema mwenyewe kwamba karibu hakuna atakayesikia tofauti. Kwa nini basi tujaze diski?

Jibu langu ni la kifundi. Biti 24 zinakuruhusu uache nafasi juu, ngoma isiyotarajiwa isigonge dari wakati hakuna atakayekupa nafasi ya kurudia, kwa sababu tepu inamwaga unga wake kwenye hedi ikipita na huenda isipite tena. Sampuli 96,000 huchora mkato wa wembe na mlio wa "tik" wa tepu kwa ukali, na programu ya kusafisha inaweza kuutofautisha mlio huo na pigo la kayamba bila kukata vyote viwili. Msikilizaji wa faili hizo kwa sasa ni mashine. Nakala ya kurusha hewani tunaitoa kutoka humo, na hiyo naifanya MP3 ya kilobiti 320 bila kusita, halafu naiandikia jina lake la kweli.